Friji ya mafuta ya taa ikigoma kupoza: ipime kabla ya kuiuza kwa kilo

Na Mwandishi Wetu

FRIJI isiyopoza hushuka thamani siku hiyo hiyo. Muuza barafu, mwenye duka la soda au mvuvi anayehifadhi pweza hapa Unguja akiamka na kukuta maji yamebaki maji, kwanza humwita fundi, kisha humwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwa friji ya kawaida yenye kompresa huenda akawa amefanya sawa. Kwa friji inayotumia moto, yaani ya mafuta ya taa, ya gesi, au ile ya njia mbili na tatu, mara nyingi anaitupa mali iliyo nzima.

Sababu yake ni kwamba friji hizi hazina kompresa, hazina mota, wala hazina kitu chochote kinachozunguka. Zikigoma, makosa mengi huwa nje ya mabomba yake: namna ilivyosimamishwa, moto wake, hewa ya nyuma yake na mzigo uliotiwa ndani. Hayo hurekebishwa kwa brashi, kipande cha ubao na siku 1 ya subira. Yapo makosa machache yasiyotengenezeka kabisa, na hayo nayo ni muhimu kuyajua mapema ili mwenye mali asiendelee kumlipa fundi kwa kazi isiyokuwepo.

Wiki hii ukurasa huu unaeleza namna ya kutofautisha friji nzima iliyogoma na friji iliyokufa. Maelezo yanamhusu anayeuza na anayenunua pia, kwani katika soko la vitu vilivyotumika tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni kubwa, na kwa macho zinafanana.

SOKO LAKE

Kabla ya nguzo za umeme kufika vijijini, friji ya mafuta ya taa ndiyo iliyopoza soda za maduka ya shamba na kutunza chanjo katika vituo vya afya vya Afrika Mashariki. Kwa upande wa chanjo wakati wake umepita. Chanjo huhitaji baridi ya kati ya digrii 2 na 8 bila kuyumba, na moto wa utambi ni vigumu kuudhibiti kiasi hicho. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani siku hizi linapendelea friji za umeme wa jua. Maelezo yetu basi ni ya biashara na nyumba. Dawa na chanjo zina utaratibu wake.

Katika biashara, hata hivyo, friji ya moto bado ina mahali pake. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Waya wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980. Mei 2008 kisiwa kilikosa umeme huo kwa karibu mwezi mzima, na Desemba 2009 ukakatika tena hadi Machi 2010, karibu miezi 3. Waya mpya wa megawati 100 uliongezwa mwaka 2013, na hali ikawa nafuu. Lakini mwenye kuuza samaki au vinywaji aliyepita katika miezi ile anajua maana ya kuwa na chombo cha baridi kisichotegemea waya.

Kuna aina nyingine ambayo wengi hawaijui kuwa ni ndugu yake. Friji ndogo za vyumba vya hoteli, zile zisizo na mlio, nyingi ni za mfumo huu huu, ila badala ya utambi zina hita ya umeme. Hoteli inapobadilisha vifaa vyake, friji hizo huingia katika soko la mitumba. Vivyo hivyo friji za gesi zinazotoka katika magari ya kambi za watalii.

INAVYOFANYA KAZI

Mfumo huu ulibuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, nchini Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters. Kampuni ya Electrolux iliuchukua mwaka 1925 na kuueneza duniani. Tangu hapo msingi wake haujabadilika sana.

Ndani ya mabomba ya nyuma mna maji, amonia na haidrojeni, vilivyofungiwa kiwandani kwa mgandamizo mkubwa. Moto wa chini huchemsha maji yaliyochanganyika na amonia katika boila. Amonia hupanda kama mvuke hadi kwenye mapezi ya juu, hupoa na kuwa kimiminika, kisha huteremka yenyewe hadi kwenye kigandishio ndani ya friji. Humo hukutana na haidrojeni, hugeuka mvuke tena, na katika kugeuka huko huchukua joto la vyakula. Mwisho huteremka chini, maji huinyonya, na safari huanza upya.

Msomaji akumbuke mambo mawili tu. La kwanza, hakuna pampu ya mota: vimiminika hurudi kwa mteremko. La pili, baridi hutengenezwa na joto. Mteremko ukiharibika, au joto likipungua, au joto likikosa pa kutokea, friji hugoma hata kama mabomba yake hayana kasoro.

KWANZA: IMEKAA SAWA?

Hili ndilo la kuangaliwa kabla ya jingine lolote, na ndilo linalosahauliwa zaidi. Friji ikihamishwa kutoka chumba kimoja hadi kingine na ikaacha kupoza, sababu ya kwanza kuishuku ni sakafu. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za ghorofani hulala juu ya boriti za mikoko. Baada ya miaka mingi sakafu hizo huinama, ingawa mtu akitembea hahisi.

Chukua pima maji ya mwashi uiweke ndani, juu ya sakafu ya kigandishio, si juu ya kabati la friji. Pima kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kutoka mbele kwenda nyuma. Usipokuwa na pima maji, bakuli pana lililojaa maji hadi ukingoni litakuonyesha upande unaozama. Mwinamo wa digrii 3 kwa upande watosha kuleta matatizo. Kwa friji yenye upana wa sentimita 60 hiyo ni tofauti ya sentimita 3 tu, ambayo kipande cha ubao chini ya mguu mmoja huimaliza.

Usiridhike ikiwa imeinama kidogo lakini bado inapoza. Ikiwaka muda mrefu hali imeinama, boila hukosa maji ya kurudi na hupata joto kupita kiasi. Dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani hukauka na kuganda, mwishowe huziba bomba. Hapo kosa la ubao mmoja huwa limeua friji. Kwa sababu hiyo hiyo, friji hii haifai kuwashwa chomboni wakati chombo kinayumba baharini.

PILI: MOTO WAKE

Kwa friji ya mafuta ya taa, moto mzuri ni wa buluu na umetulia. Moto wa manjano unaotoa moshi una joto dogo, na masizi yake hupanda na kuziba dohani. Zima, subiri ipoe, kisha fanya haya: kata utambi uwe sawasawa pande zote, safisha kichomeo, na pitisha brashi katika dohani toka juu hadi chini. Ndani ya dohani mna kipande cha bati kilichosokotwa kinachozuia joto lisikimbilie juu moja kwa moja. Kitoe, kisugue, na ukirudishe mahali pake. Wapo wanaokitoa wakidhani ni uchafu wakakitupa. Bila hicho joto hupita bila kuishika boila, na friji haitapoza hata ukiongeza moto.

Mafuta yenyewe nayo yachunguzwe. Jaza chupa ya kioo uiache usiku kucha. Asubuhi ukiona tabaka chini, ni maji, na utambi ulionyonya maji hautoi moto wa maana. Mafuta yenye harufu ya petroli usiyatie kabisa, kwani hilo ni jambo la kuunguza nyumba.

Kwa friji ya gesi, adui wa pwani ni chumvi. Kutu huanguka kutoka dohani juu ya kichomeo, na buibui hupenda kujenga ndani ya bomba la hewa friji ikikaa bila kutumika. Moto huwa wa manjano au mdogo. Ondoa kutu kwa brashi laini. Nozeli, yaani kile kitundu kidogo cha kupitishia gesi, usikichokonoe kwa sindano: kikipanuka hata kidogo kipimo cha gesi kimeharibika. Kiloweke katika spiriti, kikauke kwa hewa.

Moto ukiwaka unapobonyeza kitufe na kuzimika unapokiachia, mara nyingi kosa liko katika kijiti cha kuhisi joto ambacho hukaa ndani ya ulimi wa moto. Huenda kimechafuka, kimesogea au kimechoka. Ni kipuri kidogo, na si sababu ya kuuza friji. Moto ukiwa dhaifu hata baada ya usafi, angalia mtungi na regyuleta. Uvujaji wa gesi hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Kwa friji ya hita, angalia nguvu ya umeme. Hita ya volti 230 ikipata volti 190 hupoteza karibu theluthi moja ya joto lake. Mwisho wa laini, saa za jioni kila nyumba inapowasha vyombo vyake, friji ya hita inaweza kuacha kugandisha na kosa si lake.

TATU: HEWA NYUMA YAKE

Joto lote lililotoka kwenye vyakula, pamoja na la moto wenyewe, hutokea nyuma ya friji. Likikosa njia hurudi humo humo. Watu wengi hupenda kuisukuma friji katika kona au ndani ya uwazi wa ukuta mnene, mahali panapopendeza lakini hapana hewa. Acha nyuma nafasi isiyopungua sentimita 10, na juu pawe wazi hewa ya moto ipate kupanda. Futa vumbi na utando kwenye mapezi.

Hapa ndipo majira yanapoingia. Friji iliyopoza vizuri wakati wa kusi, mwezi wa Julai, huweza kushindwa wakati wa kaskazi, Januari na Februari, bila kuharibika chochote. Hewa ya chumbani imepanda joto, na tofauti inayofanya kazi imepungua. Ihamishie penye upepo kabla ya kumwita fundi.

NNE: MLANGO NA MZIGO

Funga mlango juu ya kipande cha karatasi, kisha ukivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira umechoka mahali hapo na hewa yenye unyevu inaingia. Rudia pande zote nne. Barafu ikishajenga ukuta wa sentimita 1 kwenye kigandishio, iyeyushe kwa kuzima, si kwa kisu.

Mzigo nao ni jambo la hesabu. Friji hii ina nguvu ndogo kuliko ya kompresa. Mwenye kuitia kapu zima la samaki wa joto kwa mara moja, au ndoo ya juisi iliyochemshwa sasa hivi, atasubiri hadi kesho na samaki hawatamsubiri. Mzigo utiwe kidogo kidogo, ukiwa umepozwa nje. Mwezi wa Ramadhani, vifuko vya barafu vinapotafutwa kila magharibi, wengi hufungua mlango kila dakika kisha husema friji imekufa. Haijafa, imezidiwa.

KIPIMO CHA SAA 24

Baada ya kurekebisha hayo manne, friji ipewe nafasi ya kujieleza. Itoe vitu vyote. Iweke sawa. Iwashe kwa moto wa kiasi cha juu. Weka ndani glasi ya maji yenye kipimajoto, funga, na usifungue kwa saa 24. Friji ya aina hii huanza polepole, na saa 12 za mwanzo si za kuhukumu. Haraka haraka haina baraka.

Maji yakishuka hadi digrii 8 au chini yake, na kigandishio kimepata sakitu, friji ni nzima. Yasiposhuka, na friji ina njia mbili za moto, badilisha njia: ya gesi ijaribiwe kwa umeme, ya umeme kwa gesi. Kipimo hiki ndicho chenye thamani kuliko vyote. Ikipoza kwa njia moja na kugoma kwa nyingine, mabomba yake ni mazima na kosa liko katika moto uliogoma. Ikigoma kwa njia zote, hali imekaa sawa na ina hewa, basi kosa liko ndani.

DALILI ZA KUFA

Dalili ya kwanza ni harufu kali ya amonia, inayochoma pua na macho. Dalili ya pili ni unga wa manjano nyuma, kwenye maungio ya mabomba au karibu na boila. Unga huo ni ile dawa ya kuzuia kutu iliyotoka pamoja na maji, na ni sumu, usiushike kwa mkono mtupu. Yoyote kati ya hizo mbili maana yake ni kwamba bomba limetoboka.

Dalili ya tatu ni boila kuwa ya moto sana chini, huku mapezi ya juu yamebaki baridi baada ya saa kadhaa. Hapo bomba limeziba. Mafundi wa zamani huzima friji kama hiyo, huipindua kichwa chini kwa saa kadhaa, kisha huiacha imesimama muda kama huo kabla ya kuiwasha. Friji iliyogoma kwa kuinama mara nyingine hufufuka kwa njia hii. Jaribio hili halina gharama, lakini lisifanywe kwa friji inayovuja, na tangi la mafuta au mtungi viondolewe kwanza.

Jihadhari na fundi anayesema friji imeishiwa gesi na ataijaza. Friji ya kompresa hujazwa gesi, ndiyo kazi ya kila siku ya mafundi. Hii haina mahali pa kujazia. Ilifungwa kiwandani kwa kuchomelewa, na iliyotoboka hubadilishwa mtambo wote wa nyuma au huachwa. Anayekata au kuchomelea bomba lake anacheza na haidrojeni, ambayo hushika moto, na amonia, ambayo huumiza mapafu, vyote vikiwa katika mgandamizo mkubwa. Ukisikia harufu, zima moto, fungua madirisha, toka nje.

Tahadhari nyingine ni ya kila siku. Moto wa mafuta au gesi katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Friji hii isilale chumba kimoja na watu.

HESABU YA MUUZAJI NA MNUNUZI

Friji ya mafuta ya ukubwa wa kawaida yaweza kula karibu lita 1 kwa siku. Kwa mwezi ni lita 30, iwe inapoza au haipozi. Bei ya lita hutangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka ya nishati na maji ya Zanzibar, na kila mtu anaweza kujifanyia hesabu yake. Mwezi 1 wa kuungojea utambi mchafu ujirekebishe huweza kuwa ghali kuliko utambi, brashi na ubao vyote kwa pamoja.

Kwa anayeuza: usikubali bei ya kilo kabla ya saa 24 za kipimo. Friji iliyoonyeshwa ikigandisha mbele ya mnunuzi huuzwa kama friji. Isiyowashwa huuzwa kama chuma, hata ikiwa nzima.

Kwa anayenunua: usilipe friji iliyolala ubavu dukani na muuzaji akasema “ilikuwa inafanya kazi”. Inuse nyuma. Tafuta unga wa manjano. Uliza kama kipande cha bati cha dohani kipo. Kisha omba isimamishwe sawa, iwashwe, nawe urudi kesho. Muuzaji mwenye mali nzima hatakataa, na akikataa amekuokolea fedha zako.